Vidole Viwili Juu ya Maji

Siku Qu Changlin alipomwona Miao Guizhi kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amelala kifudifudi juu ya barafu ya mto Songhua, kidevu karibu kiguse maji ya mfereji uliokatwa katikati yake, akimkemea msimamizi wa wakata barafu ya kujengea minara ya tamasha.

"Bonge hilo rudisha! Limejitokeza mno!"

"Dada Miao, si ndiyo vizuri? Linaelea!"

"Hata kichwa chako kinaelea, mbona hatujengi nacho mnara?"

Watu wakaangua kicheko. Qu alichekea ndani ya skafu. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mgeni katika kazi ya kusukuma mabonge ya barafu kwa upondo, na maneno yalimtoka kwa shida.

Miao alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha chupa, akiokota kila majira ya baridi vigae vya chupa zilizosahauliwa nje na maji ndani.

"Maji yakiganda hujitanua," alimwambia Qu wakila mikate ya mvuke. "Uzito ni ule ule, ila yanataka nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana barafu haizami. Ingezama, mto ungeganda kuanzia chini, na mimi supu ya samaki ningeipata wapi?"

Bonge zuri huonyesha upana wa vidole viwili tu juu ya maji. Lililobaki, kama vidole ishirini na viwili, limezama. Likionyesha vitatu, lina hewa tumboni. Ukijengea hilo, litapasuka.

"Wewe sasa, mdogo wangu," alimchokoza, "hata kidole kimoja hakionekani."

Msimu wa tatu kifua kikamlaza Miao hospitali. Akaagiza Qu achague mabonge badala yake. Qu alikuwa na jicho. Sauti ndiyo hakuwa nayo. Na siku yake ya kwanza walikuwa wakikata barafu ya kujengea mtelezo wa watoto.

Yalipita mabonge arobaini, yote mazuri. Lililofuata likaja limejitokeza vidole vitatu.

"Rudisha," Qu akanong'ona.

Misumeno ilinguruma. Hakuna aliyegeuka. Bonge likafika kwenye mkanda wa kupandishia. Qu akashusha skafu.

"RUDISHA!"

Misumeno ikanyamaza.

"Kumbe huyu ana sauti!" msimamizi akasema.

Walipolivunja, ndani lilikuwa jeupe, limejaa mapovu.

Jioni Qu alimpelekea Miao peasi zilizogandishwa, tunda la majira ya baridi la kwao, akaziweka kwenye bakuli la maji ziyeyuke. Zikaelea. Miao akaigusa moja kwa kidole kilichokonda, ikazama kidogo, ikaibuka.

"Nimeambiwa ulipiga kelele."

"Ndiyo, dada."

"Ulisemaje?"

Qu akawatazama wagonjwa wengine, uso ukimwiva. "Rudisha," akasema polepole.

Hakujua kwamba kesho yake angekikuta kitanda kile kitupu. Miao alifumba macho, akatabasamu.

"Sijasikia, mdogo wangu. Paza sauti tena."