Rangi ya Mtumbwi kwenye Lori

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "marehemu amekataa", damu inanichemka. Marehemu hakatai kitu. Amelala zake. Wanaokataa ni walio hai, na hao wana meno.

Marehemu ninayemsema ni mume wangu. Aliniachia watoto, nyumba ya matofali upande wa Lukuga, na lori la zamani tuliloliendesha pamoja miaka mingi kati ya Kalemie na Nyunzu. Tulikwenda na chumvi na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, tukarudi na mahindi na karanga. Nasema tuliliendesha, na sikosei. Akichoka yeye, usukani nilishika mimi. Lori likizima porini, yeye aliingia chini na mimi nilimshikia taa, na anayeshika taa huona kila kitu. Lori lile lilikuwa shamba langu. Bila lori, watoto wangu wangekula nini? Mchanga wa ufukweni?

Alipofariki, lori nalo lilifanywa mjane. Wakwe zangu walilifunga kitambaa cheusi kwenye kioo cha pembeni, likasimama uani kama mimi nilivyokaa mkekani. Lakini kila Jumamosi nilitoka na gauni langu jeusi, nikapanda, nikaliwasha ili betri isife. Walininung'unikia sana. Mjane gani huyu, hata machozi hayajakauka anakanyaga mafuta! Niliwaacha waseme. Liliwaka kila mara, hata Jumamosi ya mwisho kabla ya kuondoa kilio, siku ya kumaliza matanga.

Siku ya kuondoa kilio, wanawake walinipeleka ziwani mapema. Waliniogesha, wakaninyoa, wakanivika kitambaa kipya. Niliporudi nyumbani nikakuta lori letu la kijani limekuwa la samawati, kuanzia pua mpaka mkia. Shemeji yangu mkubwa, mvuvi wa Zongwe, alikuwa amesimama kando yake na brashi mkononi, mikono imemchafuka mpaka kwenye viwiko.

"Na yenyewe tumeiondolea kilio, Mama," aliniambia. "Hii rangi njo ile ya mitumbwi. Maji hayaingie hata kidogo."

Nilimshukuru. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Nilifikiri, kumbe huyu naye ana moyo.

Kesho yake ukoo wote ulikuwa bado uani, wanamalizia chai, nami nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni kupakia chumvi. Nilipanda, nikazungusha ufunguo. Taa ndogo ya mbele yangu iliwaka kwa unyonge, kisha ikasikika *tak* moja, na kila kitu kikazimika. Nikajaribu tena. *Tak*, giza. Honi nayo ililia kama mbuzi mwenye mafua.

Hapo ndipo shemeji aliposimama. Wala hakuja kutazama injini. Aliweka kikombe chini, akawageukia ndugu zake.

"Mumeona? Marehemu anakataa. Hii kamyo haitaki mwanamuke. Tangu jana imevua kilio, sasa inasema yenyewe."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba walikuwa wameyafanyia mazoezi. Walilisukuma kidogo, lakini uwanja wetu ni mchanga mtupu na lori halikusogea. Basi wakakata shauri palepale: mchana wangeleta gari lingine, walivute lori mpaka kwake, na yeye alitumie kubebea ndagala wake. Mimi ningepewa pole. Neno lenyewe alilotumia ni hilo, pole! Na mama mkwe wangu alikuwa ameketi pale kwenye kiti chake kifupi, anatafuna muhogo.

Jumamosi zote zile, wakati nilikuwa mjane mchafu wa nguo nyeusi, marehemu alikuwa wapi asikatae? Amengoja nioge ndiyo akasirike? Lakini ningepiga kelele wangesema huzuni imenipanda kichwani. Nikaingia nyumbani, nikavaa suruali ya mume wangu, nikatoka na sanduku lake la vyuma.

"Mama, acha bule," mmoja wao alicheka. "Betri imekufa."

Chini ya kiti kulikuwa na taa ambayo mume wangu aliitengeneza mwenyewe, balbu moja yenye nyaya mbili. Nikagusisha waya mmoja kwenye kichwa cha kujumlisha cha betri, wa pili kwenye kichwa cha kutoa. Balbu iliwaka mpaka nikafumba macho. Betri hai, tena imeshiba! Kisha nikauacha waya wa kwanza palepale, wa pili nikaugusisha kwenye chuma cha lori, mahali nilipokwangua rangi kwanza. Balbu ikabaki nyekundu, dhaifu, kama kaa la mkaa linalokufa.

Umeme wa gari hutoka kwenye betri, hufanya kazi yake, halafu hurudi kupitia chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi mafundi wetu huiita masi. Masi ikiziba, betri hata iwe mpya haisaidii. Kwa hiyo nilichukua waya mnene, nikaufunga kutoka kichwa cha kutoa mpaka kwenye mwili wa injini, nikapanda, nikazungusha ufunguo. Lori likanguruma, kuku wakatawanyika.

Nililizima, maana nilitaka kulitengeneza sawasawa. Nikafungua ule waya, nikauweka sandukuni. Nilipoinua uso, shemeji alikuwa tayari ameshapanda, amekaa kwenye kiti cha mume wangu, na mkono ameunyosha dirishani.

"Sasa amekubali!" alisema. "Ameona wanaume tuko hapa. Lete ufunguo, Mama."

Sijui nilipata wapi subira. Nilimpa.

"Shika, Papa. Kama marehemu anakubali, atakuwashia."

Akazungusha. *Tak*. Akazungusha tena, akapiga usukani kwa kiganja, akaita jina la marehemu ndugu yake kwa sauti ya kubembeleza. *Tak*. Mama mkwe wangu alicheka, akapaliwa na muhogo, akaendelea kucheka.

Nilichukua spana, nikafungua bolti inayoshika waya wa masi kwenye chuma cha lori. Chini yake palikuwa samawati tupu. Kwenye mtumbwi, mvuvi mwangalifu hung'oa kila chuma, hupaka rangi mpaka chini yake, kisha hukirudisha, maji yasipate njia. Shemeji alikuwa amelifanyia lori vivyo hivyo: alifungua bolti, akapaka hata kichwa cha waya, akakaza. Maji hayakupata njia, wala umeme. Msiba wa kujitakia hauna kilio, na huu aliutaka yeye kisha akamsingizia ndugu yake aliye kaburini. Nilikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti, nikamwambia ateremke, nikapanda mimi. Liliwaka mara moja.

"Acheni muke wa mwanangu aende kwa kazi yake," mama mkwe alisema, huku anapangusa macho. Neno la mama halijibiwi. Nilikwenda sokoni kupakia chumvi yangu.

Watu wa mtaa wanaisimulia habari hii wakicheka, na wananisifu: mwanamke hodari, anajua umeme! Sifa hizo zinanikera. Siku ile hakuna aliyeuliza lori ni la nani. Waliuliza tu nani anaweza kuliwasha. Na kama betri ingekuwa imekufa kweli? Kama nisingewahi kushika taa?

Jirani yangu alifiwa baada yangu. Mumewe alimwachia mashine ya kusaga unga. Nilikwenda na sanduku langu nimsaidie, nikitegemea kukuta waya umekatika, bolti imelegea, kitu chochote cha kutengeneza. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Wakwe zake waliibeba ikiwa nzima, na unga wa wateja bado umo ndani.