Msiba wa Jokofu la Kambi

Jokofu la kambi yetu ya jeshi, kule ufukweni upande wa Mbaha, tulikuwa tukiliita Mzee. Lilikuwa limezeeka kweli, tena likikoroma. Kosa letu ni kwamba mkuu wa kambi naye tulimwita Mzee.

Siku hiyo tulikuwa tumelipakia kwenye lori kwenda Mbinga kuchukua chanjo za watoto wa vijiji vya jirani, maana jokofu la zahanati lilikuwa halina mafuta ya taa. Wakati wa kurudi lori likaserereka mteremkoni, likagonga gema. Mzee akanyamaza.

Fundi wa majokofu nilikuwa mimi. Kazi ya kwanza ya fundi wa jeshi akiwa porini si kushika spana, ni kutoa hukumu: linatengenezeka hapa, lirudishwe karakana, au liwe chuma chakavu. Tulipofika kambini, muuguzi wa zahanati alikuwa amehamishia chanjo kwenye kasha la barafu. Akaniambia, "Afande, barafu hii haifiki kesho. Zikipata joto, namwaga zote."

Nikapaka maji ya sabuni kwenye mirija na kusukuma hewa ndani. Mapovu yakatoka karibu na kompresa. Mrija wa shaba ulikuwa umepasuka vibaya. Gesi ya kujaza ninayo, moto wa kuchomelea ninao, shaba sina! Nililaani lori, mteremko na aliyechonga barabara ile.

Mpishi wetu, mtu asiyependa maneno mengi, alikuwa langoni akiwajibu wauza samaki. "Leo hatununui mbasa. Mzee amekufa."

Haukupita muda akina mama wakaingia kambini, unga na kuni vichwani, wakiimba nyimbo za msiba za kanisani. Mkuu akatoka hemani, nusu ya kidevu imenyolewa.

"Shikamoo, mama," akamwamkia bibi aliyetangulia. "Nani amekufa?"

"Marahaba. Wewe, baba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkuu hakucheka, kwanza. Nikaeleza kwamba marehemu ni jokofu, na kwamba kilichomuua ni mrija. Nyuma ya akina mama alisimama mwenye duka, mzaliwa wa pwani, na sukari yake ya rambirambi mkononi.

"Mrija wa shaba?" akauliza. "Enzi hizi za ruksa, kila mtu anajiletea bidhaa atakazo, nami nikajiletea friji la soda kutoka Dar. Liliungua siku ile ile nililoliwasha, sasa naweka kandambili. Kakate unachotaka, hiyo ndiyo pole yangu."

Nikakimbia. Nilikata, nikachomelea, nikapaka sabuni tena: kimya, hakuna povu. Nikafyonza hewa, nikajaza gesi, jenereta likawashwa. Akina mama hawakuondoka. Walisonga ugali wa unga wao, tukala pamoja. Jua likielekea kuzama Mzee akakoroma. Muuguzi akarudisha chanjo zake, barafu ya kasha imebaki vipande tu. Nilifurahi kama mtoto.

Bibi yule akaja kuhakikisha. Akaingiza mkono ndani, akautoa upesi, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, usijidanganye. Huyu bado maiti. Mbona wa baridi hivi?"

Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya chanjo, mjukuu mgongoni. Sindano ilipoingia mtoto akaangua kilio, na bibi akampigia vigelegele.