Zamu ya Mwisho ya Likelemba

Kutoka Nairobi nilipanda basi hadi Kampala, kutoka Kampala hadi Kigali, na kuanzia Kayanza, ndani ya Burundi, tuliteremka milima nyuma ya lori la wanajeshi, magari yote yamefuatana bila kuachana. Ndani ya basi hakuna aliyezungumza mpaka ziwa lilipoonekana chini kabisa. Hapo mama aliyekaa kando yangu akafungua chupa yake ya maji, akaninywesha mimi kwanza.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye cheti cha sekondari na waya wa kuunganisha simu na kompyuta. Nairobi nilikuwa nikilinda duka la intaneti, na wateja walipokosekana nilijifunza kuandika programu ndogo za simu. Nilikuja Bujumbura kupita tu. Lakini nilikuwa nimechoka kuhamahama, na mji ule, pamoja na vita vyake, ulinifanya nijiulize jambo ambalo sikuwahi kujiuliza kwingine: je, nikiandika programu, peke yangu, bila tajiri wala kampuni, naweza kula na kulipa kodi ya chumba mahali pamoja?

Nilipanga chumba Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. Kila asubuhi akina mama wa Kamenge, mtaa mmoja wa Bujumbura, walipita pale na sabuni na nguo wakielekea Uvira, jioni wakirudi na mawese na vitenge kabla ya amri ya kutotembea usiku kuanza. Walihesabu kwa faranga za Burundi, faranga za Kongo na dola, mara nyingi zote tatu katika biashara moja. Niliwaandikia programu: unaingiza bei kwa pesa moja, simu inakuonyesha kwa zile nyingine.

Kuiuza ndiyo ilikuwa kazi. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliigeuza simu yake nyuma na mbele baada ya mimi kumwekea.

"Kitu umeniuzia kiko wapi?" akauliza. "Mi naona simu yangu tu."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akatua mzigo. Basi nikanunua vifuko vya plastiki vya simu pale sokoni, nikawa nauza kifuko na programu pamoja. Kifuko walikilipia bila maneno. Lakini haukupita muda, fundi simu mmoja wa sokoni akawa anainakili programu yangu na kumwekea yeyote kwa bei ya soda. Sikuwa na la kumfanya. Mkate wangu ulikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukichukua chote na bado kikabaki kwangu.

Kisha faranga ya Burundi ikashuka. Viwango nilikuwa nimeviandika ndani ya programu, havibadiliki. Mama mmoja akauza mzigo wake wote kwa hesabu ya zamani. Alipokuja chumbani kwangu hakunigombeza. Aliketi, akaiweka simu juu ya goti langu.

"Fundi, simu yako imenidanganya."

Niliirekebisha programu ili kila mtu aweze kuingiza kiwango mwenyewe. Na kwa kuwa nilikaa mpakani, nikawa naamka mapema, nawauliza wabadilishaji pesa waliokunywa chai kwa mama mmoja mwuza maandazi, halafu namtumia kiongozi ujumbe mfupi naye awapelekee wenzake kabla hawajatoka Kamenge. Niliongeza neno moja juu ya barabara, kwa sababu kuna asubuhi ambazo risasi zilikuwa zimelia usiku: "Njia iko", au "Leo apana". Hapo ndipo nilipoona kwamba walichohitaji kwangu si ile programu. Programu hata yule fundi wa sokoni alikuwa nayo. Walihitaji mtu wa kuamka.

Wao ndio waliogundua namna ya kunilipa. Walikuwa na likelemba, ule mchezo wa kuchangiana ambapo kila wiki mmoja anachukua chungu chote cha pesa. Waliniingiza bila mchango wa pesa. Ujumbe wa asubuhi ndio ungekuwa mchango wangu. Lakini zamu yangu waliiweka ya mwisho kabisa.

"Mutu wa njia hapewi kwanza," kiongozi akasema. "Akishakula, tutamutafuta wapi?"

Nilicheka nao, ingawa ilinichoma. Anayepokea mwanzoni anabaki na deni kwa wote wanaomfuata, kwa hiyo lazima aaminiwe. Mimi walinipa nafasi isiyohitaji kuaminiwa.

Katikati ya mzunguko, mzee mmoja wa asili ya Oman, mwenye duka la simu mjini, aliniita. Alitaka kuinunua programu yote, iwe ndani ya simu zake tu. Alininywesha kahawa na kunishauri kama baba.

"Vitu hivi vinachakaa, mwanangu. Kesho zitakuja simu nyingine, na chako hakitafunguka tena. Pokea sasa."

Alisema kweli, na baadaye ilikuwa hivyo hasa. Lakini kama ningepokea, ningeondoka kesho yake, nilijijua. Nilikunywa kahawa yake, nikamshukuru, nikarudi Gatumba nikaendelea kuamka.

Zamu yangu ilifika. Walikileta chungu chumbani wote pamoja, wakakaa kitandani na sakafuni, na tukanywa fanta. Kiongozi akatangaza mpangilio wa mzunguko mpya. Jina la kwanza lilikuwa langu.

Hakuna aliyecheka. Nilielewa nilichopewa, na nilielewa pia kwamba nikikipokea, sitaruhusiwa kuondoka mpaka wa mwisho apate. Nilikuwa nimekitafuta kitu hicho tangu Nairobi. Lakini nilijua sitaweza kukaa, nikawaomba nafasi hiyo wampe yule mama mwuza maandazi wa pale mpakani, naye atume ujumbe badala yangu.

"Basi ulikuwa wa njia kweli," kiongozi akasema, bila hasira.

Asubuhi niliyovuka kwenda Uvira nilikuwa nafunga begi simu ilipolia. Mwuza maandazi alikuwa amenitumia na mimi, kama mwanachama yeyote: kiwango cha siku hiyo, na chini yake, Njia iko.