Vifaranga Chumbani kwa Mama

Mama yangu ni mtu wa ziwani, wa kijiji cha Kihagara. Tulimleta huku Mbinga milimani baada ya magoti kumkatalia kwenda kuchota maji, na kule hakubaki mtu wa kumsaidia. Alikuja na mkeka, kapu la usipa, vile visamaki vikavu vya ziwani, na ulimi wake. Mwezi haujaisha, malalamiko yakaanza. Huku kwenu baridi! Huku kwenu mtu anakaa bure kama gunia! "Nipeni kazi," akasema, "ama mnirudishe kwetu."

Haya, kazi gani ya mtu asiyeweza kusimama kwa muda? Wazo alilipata mume wangu. Akaagiza boksi la vifaranga chotara wa siku moja, wakaja na basi kutoka Songea, wakilia njia nzima. Tukawazungushia kadibodi kwenye kona ya chumba cha mama, tukamwaga maranda chini, jiko la mkaa katikati. Mama alifurahi, jamani! Alikaa kwenye mkeka wake akiwachovya midomo majini mmoja mmoja ili wajue kunywa, huku akiwagombeza: "We mchoyo, hebu mpishe mwenzio!"

Mume wangu hakuwahi kuwaona mle ndani. Kwetu mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana uani mmoja anapisha. Salamu ya mbali, shikamoo mama, marahaba baba, basi. Mengine yote yanapitia kwangu. Mwambie mama sukari imeletwa. Mwambie baba ahsante. Nyumba moja, wanasikiana vizuri kabisa, na mimi nakimbia katikati kupeleka maneno ambayo mwenyewe ameshayasikia!

Julai ukungu ukashuka, na baridi ya Mbinga mwezi huo haina mzaha. Nilikuwa nimemwambia mama: jiko likolee nje kwanza, na dirisha liache wazi. Akaitikia. Lakini mama amekulia mahali pa joto, wanapikia nje, wanalala madirisha wazi. Kwake yeye ubaya wa moto ni moshi. Mkaa ukishakuwa mwekundu, moshi umekwisha, na hatari imekwisha. Na wale watoto wake, vifaranga, walikuwa wanarundikana kwa baridi. Basi asubuhi moja nilipokwenda kuchuma kahawa, akaziba dirisha kwa khanga, akasukumia gunia chini ya mlango.

Mume wangu alikuwa uani anamenya kahawa kwa mashine ya mkono. Aliniambia baadaye kwamba kilichomshtua ni ukimya. Vifaranga hawanyamazi wote kwa pamoja. Akapiga hodi. Akaita, "Mama!" Kimya. Akapiga tena, kwa nguvu. Ndipo akasukuma mlango, akaingia.

Niliporudi na kikapu kichwani, nilimkuta mama amelala uani chini ya koti la mume wangu, anatapika, lakini anapumua. Na mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, amempa mgongo, uso kauelekeza migombani, mkono mmoja kaunyoosha nyuma na kikombe cha maji. Alikuwa anarudi kinyumenyume ili asimwangalie mkwewe alivyolala. Nilitaka kulia, nikataka kucheka. Nikatupa kikapu, kahawa ikamwagika, nikakipokea kile kikombe.

Vifaranga wengi walikufa. Zahanati wakatuambia mama ameponea chupuchupu, kwamba hewa ya mkaa haina harufu wala rangi na inaua mtu usingizini. Tukamshukuru Mungu. Kumbe shida ndiyo kwanza inaanza.

Alipopata nguvu, mama hakuuliza hata vifaranga wamebaki wangapi. Alikunja mkeka wake, akaufunga kamba. "Nirudishe kwetu."

"Kuna nini tena, mama?"

Akajifunika khanga usoni. "Nimebebwa na mkwe wangu. Mikononi, kama mtoto. Nitakula vipi ugali wa nyumba hii?"

"Ungekufa!"

"Ningekufa na heshima yangu."

Uchungu nilioupata siwezi kuueleza. Kule Kihagara nyumba ilikuwa na kufuli, na magoti yake yalikuwa yale yale. Kumrudisha ilikuwa ni kumtupa. Kumzuia nako ilikuwa ni kumfunga.

Nilimweleza mume wangu. Akaanza, "Mwambie mama..."

"Simwambii!" nikafoka. "Na yeye akisema mwambie baba, simwambii! Nimechoka! Semezaneni wenyewe, ama mkae kimya mpaka Bwana Yesu arudi!"

Nikaenda kugeuza kahawa kwenye kichanja. Sikwenda mbali, siwadanganyi, masikio yangu yalibaki pale pale.

Mume wangu akachukua boksi la vifaranga waliosalia, akaketi nje ya mlango wa mama, mgongo kaupa mlango. Akakohoa.

"Wadogo zangu," akawaambia vifaranga, "mama yenu anaondoka. Mimi wangu alifariki nikiwa mbali, sikuwahi kumbeba hata siku moja. Huyu nimembeba. Kama kumbeba mama ni kosa, nisemeni nyinyi."

Vifaranga wakalia.

"Hawajanywa maji tangu asubuhi," akaendelea. "Nimewawekea sahani, wanaikanyaga tu. Mimi sijui kulea."

Mkeka ukakwaruza sakafu. "Mwambieni baba yenu," sauti ya mama ikatoka, "maji ya baridi hivyo hamnywi. Ayapashe kidogo."

Mume wangu akainuka, akaenda jikoni kuyapasha. Akarudi, akakaa vilevile, akajaribu kuchovya mdomo wa mmoja, akamzamisha kichwa kizima. Kifaranga akapiga chafya.

"Yesu wangu, anamuua!"

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama ameshika ukuta, uso wazi, machozi yanamtiririka. Mume wangu akainamisha kichwa, akaanza kusogea ili ampishe.

"Usiende, baba," mama akasema. Alimwambia yeye, si vifaranga. "Magoti yangu hayaniruhusu kuinama kulibeba boksi. Waingize wewe."

Mume wangu akavua ndala, akabeba boksi, akaingia.