Senene Ndani ya Kifurushi cha Kahawa

Kwetu mtu haendi kwa wazazi wake hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi, na binti aliyeolewa hutazamwa mikono kabla ya uso. Mimi niliolewa Kiruruma, kwa watu wasio na makuu, na wazazi wangu walikuwa Bugomora, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Zawadi za dukani hatukuziweza, wala sikumbuki kama jambo hilo liliwahi kuninyima usingizi. Zawadi zetu zilitoka shambani na jikoni: kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikaanikwa, samli kidogo kwenye kibuyu, na mvua za kuelekea Noeli zikiwa na heri, senene, wale panzi wa msimu.

Kuwatafuta senene ilikuwa kazi ya wanawake, na kuwala ilikuwa kazi ya wanaume. Tulikuwa tukitoka alfajiri kwenda rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya migomba, tunawaokota wakiwa bado wazito kwa umande. Tunawanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vinauma, tunawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, tunawatenga mbele ya waume zetu, nao wanatusifu na kutununulia kanga. Sisi tunabaki na harufu. Ilisemwa kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka. Mwalimu wa kanisani alipohubiri kwamba vyakula vyote ni safi, tuliitikia amina, tukarudi nyumbani tukaendelea kunyonyoa.

Mwaka mmoja, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nililetewa habari kwamba mama ameshikwa na kifua na hainuki tena. Nikakumbuka neno alilowahi kuniambia kabla sijaolewa, tukiwa tunanyonyoa pamoja: kwamba atakufa akiwa amewanusa senene tu. Alilisema huku akicheka. Sasa lilinikasirisha, tena sana. Mama alikwisha kupita umri wa kuzaa. Kichwa cha nani kingechongoka?

Basi nikatengeneza vifurushi viwili vya senene. Kimoja kikubwa, cha baba, cha wazi. Cha pili kidogo nikakifunga vile tunavyofunga kahawa, kwa jani kavu la mgomba lililobanwa na kuzungushiwa kamba mpaka hakuna upenyo. Mume wangu alipokiona aliuliza kama kahawa inamfaa mtu mwenye kikohozi. Nikamjibu kwamba kahawa haijaua mtu.

Baba alipokea chake kwa shangwe, akala papo hapo, nyumba nzima ikanukia. Hilo lilinisaidia, maana harufu ya kifurushi cha pili ilifichika humo. Mama nilimkuta kwenye mkeka karibu na moto, amekonda, mikono imebaki mifupa. Nikampa shikamoo, nikamwekea kile kifurushi kidogo mkononi, nikamnong'oneza kilichomo. Akakisukuma chini ya shuka. Nilimsihi ale mara baba akitoka kwenda shambani, akasema atakula akitaka mwenyewe. Ukaidi huo ninao na mimi, sikuuokota njiani.

Kesho yake wakaja wazee wawili, majirani, kumjulia hali mgonjwa. Mgeni kwetu hakaribishwi kwa maneno. Kwanza hupewa kahawa atafune, na nyumba inayoshindwa hilo husemwa mpaka kijiji cha pili. Kahawa ya nyumbani ilikuwa imekwisha, maana aliyekuwa akiitengeneza ndiye huyo aliyelala. Baba, aliyeniona nikimpa mama kifurushi, akamwambia atoe ile kahawa aliyoletewa jana.

Nikadakia kwamba nitakimbia kwa jirani kuomba. Baba akaniuliza tangu lini nyumba yenye kahawa inakwenda kuomba kahawa. Mwanamke aliyekutwa na senene mdomoni aliweza kurudishwa kwao, na mama hakuwa tena na kwao. Wazazi wake walikwisha kufa na kaka zake walihamia mbali. Mimi, kwa kujifanya mwema, nilikuwa nimemwekea mgonjwa aibu chini ya shuka.

Mama akajiinua, akaegemea ukuta. Akakitoa kifurushi, akakifungua mapajani taratibu, mbele yao wote. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini. Akachukua mmoja, akamtafuna. Akachukua wa pili. Wazee wale wakageuka kutazama mlango, ingawa mlangoni hapakuwa na mtu.

"Chumvi umetia kiasi gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha katikati ya kiganja. Nikamweleza kwamba mwanzoni nilikuwa natia kidogo kama yeye, mume wangu akalalamika weee, mpaka nikaongeza.

Mama akaguna. Akatafuna mwingine, safari hii kwa kupima, kama mpishi yeyote anavyoonja chungu chake. Kisha akamgeukia baba.

"Kwa hiyo tangu unioe nakulisha senene wasiokolea. Mbona hukuniambia?"

Baba hakuwa mtu wa kukosa maneno. Alikuwa akisuluhisha kesi za mipaka ya mashamba na kuwanyamazisha watu wenye hasira. Siku hiyo alisugua goti lake kwanza, na nilipomtazama nikaona hasira niliyoitarajia haipo.

"Ningekuambia," akasema, "ungetaka kuonja."

Mama alimkazia macho mpaka akainamisha yake. Kisha akaendelea kula, mmoja mmoja, bila haraka, na wageni wakaondoka bila kahawa.