Jina Walilowaita Wale wa Kijani

Mama mkwe wangu hapendi filamu za mapenzi. Anasema watu wazima wanaobusiana mchana kweupe wamekosa kazi. Anachopenda ni filamu za viumbe kutoka angani, na kwa kuwa hajui Kifaransa, mimi ndiye mkalimani wake kila Jumapili baada ya misa. Nikinyamaza kidogo tu, ananisukuma kwa kiwiko. Kazi hiyo inanichosha, lakini siku akiwa safarini naitamani.

Jumapili ile viumbe walikuwa wa kijani. Chombo chao kilikuwa kimeharibika, wakabaki duniani, wakazaa, wakafungua maduka. Kisha wenyeji wakawachoka. Umati ulijaa mbele ya nyumba zao ukipiga kelele: wadudu, rudini kwenu.

"Beko banabaita namna gani?" aliuliza mama mkwe.

Kifaransa chenyewe kilikuwa chepesi. Ila kwa Kiswahili chetu wadudu ni bilulu, na bilulu ndilo jina sisi wa Katanga tulilowaita watu waliotoka mkoa wa Kasai mwaka ule tulipowafukuza kwetu. Mama mkwe ni wa Kasai. Alilala wiki nyingi kwenye stesheni ya Kamina akingoja treni na watoto wake, na mmoja akamfia palepale. Treni ilipokuja alikataa kuliacha kaburi, ndiyo maana yuko hapa hadi leo.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tukitoka shule tulipitia stesheni, gare kama tunavyoiita, tukawaimbia neno hilo wanawake waliokuwa wakipika kando ya reli. Sijawahi kumwambia hata mume wangu. Naona aibu mpaka leo.

"Banabaita bageni, Mama," nilisema.

"Mutoto yangu, usinifiche. Iko bilulu?"

Nikaanza kulia. "Iko bilulu. Na minyi niliimbaka ile neno, Mama. Kule ku gare."

Nilidhani atainuka aende chumbani kwake, na kwamba kesho atamwambia mwanawe.

"Hapa Kamina," alisema mwishowe, "kila muntu anasema balioimbaka ni bengine. Weye njo wa kwanza kukubali."

Akauchukua mkono wangu, akauweka mapajani mwake, tukawatazama wale wa kijani wakipandishwa kwenye chombo kingine pamoja na watoto wao.