Nyumba Tuliyoinyima Moto

Bibi yangu mzaa baba alikuwa ananiita mume wangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Nikimwamkia shikamoo anaitika, "Marahaba, mume wangu, leo umeniletea nini?" Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina mke na watoto, na bado nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyopenda kuitwa mwalimu.

Aliishi kwenye tembe, upande wa Bashay. Ilikuwa nyumba ya kizamani ya Wairaqw, nusu yake imechimbiwa kwenye mteremko, na paa lake bapa la udongo liliota majani hadi mbuzi wakapanda kuyala. Ndani, ndama walilala upande mmoja, yeye upande mwingine, na katikati yalikaa mafiga matatu. Moto wake haukuzimika. Kila asubuhi alifukua makaa kwenye majivu, akapuliza. Nguzo zote zilikuwa nyeusi kwa masizi, ngumu kama chuma.

Miaka ile biashara huria ilikuwa imeshatufikia. Maduka ya Mbulu mjini yalijaa bati, na kila aliyeuza vitunguu saumu vyake vizuri alibomoa tembe akaezeka bati. Hata mimi. Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, kijijini kwetu tukaambizana kwamba na sisi tuonyeshe utamaduni wetu. Tulipotafuta tembe ya kuonyesha, ilibaki ya bibi tu.

Tukaunda kamati, nikawa katibu, nikajisikia kweli kweli. Bibi aliombwa ahamie nyumba ndogo ya bati ambayo baba alimjengea jirani, na ambayo alikuwa ameikataa siku zote. Safari hii alikubali, kwa sababu aliyemwomba ni mimi.

"Nitahama, mume wangu. Ila uniache nije kuwasha moto kila asubuhi. Hii nyumba inakaa kwa moshi."

Nikamwambia hakuna shida.

Kijiji kizima kilitoka kuikarabati. Wanawake walibeba udongo, wanaume walibadilisha fito zilizochoka, wazee walibishana jinsi ya kushindilia, na mchana tukala makande. Baadaye kila mtu alipita pale na kuonyesha kipande chake cha paa.

Kisha akaja mgeni wa kukagua kutoka mkoani, amevaa shati jeupe. Akaingia, akakohoa, akatoka na masizi begani. Akasema mahali pa kumbukumbu hapawashwi moto, siku moja pataungua, na watu wasiingie ovyo. Ningeweza kumweleza. Nilikulia ndani ya moshi ule. Lakini nilitaka anione msomi, kwa hiyo nikaitikia kila neno. Siku hiyo hiyo nikanunua kufuli, nikaandika kibao kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: MARUFUKU KUWASHA MOTO NDANI.

Kesho yake bibi akaja na makaa kwenye kigae, akakuta pamefungwa. Akanifuata shuleni, kigae mkononi.

"Mume wangu, naomba ufunguo."

"Bibi, kamati imekataza."

"Kamati ni nani?"

Nikaendelea kusahihisha madaftari. Akasema, "Mchwa wataila."

"Tutanunua dawa, bibi."

Alikuja siku tatu. Siku ya nne hakuja, na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Dawa haikununuliwa. Wale waliobeba udongo nao wakajitoa. Zamani mvua ikitoboa paa la tembe, jirani yeyote alipanda akaziba. Sasa walisema, "Hiyo ni ya kamati, mwambieni katibu." Na katibu alikuwa na ufunguo mfukoni, akijidai ana kazi nyingi.

Masika ya pili nilikuwa darasani niliposikia kishindo. Nilipofika, paa lote lilikuwa chini. Udongo ulikuwa umelowa ukawa mzito, na nguzo zilikuwa zimebaki maganda. Niliigusa ile niliyozoea kuegemea nikiwa mdogo, nikimsubiri bibi aipue viazi, ikamomonyoka mkononi. Watu walisimama mbali. Hakuna aliyeleta jembe, na siwalaumu.

Bibi akafika na fimbo yake. Ukuta wa upande ulikuwa umelala wote, hata ng'ombe angepita, lakini mimi nilitoa ufunguo nikaanza kuhangaika na kufuli la mlango uliobaki umesimama peke yake. Mtu mmoja akacheka. Bibi akanipita, akaingilia palipobomoka, akapiga magoti kwenye tope na kufukua kwa mikono. Alikuwa anatafuta mafiga yake.

Nikaliacha kufuli, nikaenda kufukua naye. Mafiga yalikuwa ya baridi, na maisha yangu yote sikuwahi kuyashika yakiwa ya baridi. Niliyabeba yote matatu hadi kwenye nyumba yake ya bati, nikayapanga karibu na mlango, huku naomba msamaha.

"Asante, katibu," akasema.

Nilidhani ni hasira za siku ile tu. Aliishi miaka mingine kadhaa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nilipita kumwamkia, nikimkuta amekaa kando ya mafiga yale, moto unawaka. Na kila asubuhi aliniitikia vizuri, bila chuki, "Marahaba, katibu," hadi asubuhi nilipokuta moto wake umezimika.